Hodi Isiyobishwa: Chicago Katika Joto la Julai 1995

Bibi yangu alizaliwa Mombasa na hapendi kuhubiriwa habari za joto. Kiangazi kilichopita, siku ile simu za watu wote zilipolia kwa pamoja kutoa tahadhari, nilimpigia nikamwambia anywe maji na asitoke nje. Akacheka. "Mwanangu, mimi nimekulia Mji wa Kale. Joto la Marekani litanifanya nini mimi?"

Bibi anaishi peke yake, ghorofa ya tatu, ambayo ndiyo ya juu kabisa, katika jengo la matofali upande wa kaskazini wa Chicago. Jioni ile nilikwenda kumtazama. Nilikuta madirisha yamefungwa kwa kuogopa wezi, mapazia yameshushwa, panka inazungusha hewa ya moto, na yeye amelala sakafuni juu ya mkeka. Kiyoyozi alikuwa amekizima kwa sababu ya bili ya umeme. Hakuwa mgonjwa, lakini alikuwa anazungumza polepole kuliko kawaida yake, na wanaomjua bibi yangu wanajua kwamba hiyo si dalili nzuri. Nilimchukua tukaenda kulala kwetu.

Muhula huu tulipoambiwa kila mwanachama aandike insha ya historia kwa ajili ya jarida letu, wenzangu wengi walichagua biashara ya Bahari ya Hindi au uhuru wa nchi za wazazi wetu. Mimi nimechagua historia ya mji niliozaliwa, kwa sababu nilitaka kujua kama niliogopa bure siku ile. Jibu nililopata ni hapana. Mwezi Julai mwaka 1995, miaka kabla sijazaliwa, watu 739 walikufa Chicago kwa wiki moja kuliko ambavyo wangekufa katika wiki ya kawaida. Wengi wao walikuwa katika hali ileile niliyomkuta nayo bibi: wazee, peke yao, ghorofa ya juu, madirisha yamefungwa.

Kila mtoto aliyesoma shule Chicago amefundishwa habari za moto mkubwa wa mwaka 1871. Tunajua jina la barabara ulikoanzia. Moto ule uliua watu wapatao 300. Joto la 1995 liliua zaidi ya mara mbili ya hao, na mimi nimemaliza shule hapa bila kulisikia hata mara moja.

Siku tano

Joto lilianza kupanda Jumatano tarehe 12 Julai. Alhamisi tarehe 13, kipimo cha uwanja wa ndege wa Midway kilifika nyuzi 106 za Farenhaiti, yaani nyuzi 41 za Selsiasi. Lakini idadi ya nyuzi peke yake haielezi jambo lote. Hewa ilikuwa nzito kwa unyevunyevu, na mwili wa binadamu hujipoza kwa jasho linalokauka juu ya ngozi. Hewa ikishajaa mvuke, jasho halikauki, linatiririka tu. Ndiyo maana wataalamu wa hali ya hewa walisema mwili ulihisi kama vile joto limepita nyuzi 50 za Selsiasi.

Jambo la pili ni usiku. Katika joto la kawaida usiku huleta nafuu, mwili unapumzika, na nyumba inapoa kidogo kabla jua halijachomoza tena. Siku zile usiku haukupoa. Saa za alfajiri kipimo kilibaki karibu na nyuzi 27 au 28 za Selsiasi, na hiyo ni nje, penye upepo. Ndani ya vyumba vya matofali, chini ya paa bapa lililopakwa lami nyeusi, ilikuwa mbaya zaidi, na kila siku ilianzia pale ya jana ilipoishia.

Waliokuwa na viyoyozi waliviwasha vyote. Mitambo ya umeme ikashindwa kuhimili, na makumi ya maelfu ya nyumba zikakosa umeme, nyingine hadi siku mbili. Vijana walifungua mabomba ya zimamoto ya kandoni mwa barabara ili watoto wachezee maji, mabomba elfu kadhaa mji mzima, hata katika mitaa mingine maji ya bombani yakaisha nguvu. Hospitali zaidi ya 20 zilifika mahali pa kukataa magari ya wagonjwa kwa sababu hakukuwa na nafasi, na magari hayo yakawa yanazunguka mji yakitafuta mlango ulio wazi.

Maiti zilianza kufika kwa wingi Ijumaa, na Jumamosi zikazidi. Hili ni jambo ambalo kila mtu mwenye mzee nyumbani anapaswa kulikumbuka: siku ya joto kali kuliko zote ilikuwa Alhamisi, lakini siku ya vifo vingi kuliko zote ilikuwa Jumamosi. Mwili wa mzee hauanguki siku ya kwanza. Unavumilia, unavumilia, halafu siku ya pili au ya tatu unashindwa.

Katika mochari ya Kaunti ya Cook, ambako kwa kawaida maiti 17 hivi zilipokelewa kwa siku, magari ya polisi yalipanga foleni nje. Nafasi ilipokwisha, mwenye kampuni moja ya nyama alitoa malori yake ya jokofu yakaegeshwa uani, na maiti zikawekwa humo. Picha za malori hayo zilionyeshwa duniani kote.

Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya baridi

Nilipomsimulia bibi habari hizi alinyamaza kwanza, halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Kwani nyumba zao zilikuwaje?"

Ni swali zuri la historia. Chicago ni mji ambao hali yake ya hewa haitabiriki na haina huruma upande wowote. Rekodi rasmi ya joto la mji huu ni nyuzi 105 za Farenhaiti, ya tarehe 24 Julai 1934. (Kipimo cha Midway cha mwaka 1995 hakihesabiwi, kwa sababu Midway si kituo rasmi.) Rekodi ya baridi ni nyuzi 27 chini ya sifuri za Farenhaiti, ya tarehe 20 Januari 1985. Kati ya rekodi hizo mbili pana tofauti ya nyuzi 73 za Selsiasi. Mbali na hayo, katika siku moja ya masika upepo wa ziwa Michigan unaweza kugeuka, na aliyetoka asubuhi na fulana akarudi jioni anatetemeka.

Mjenzi wa hapa, kati ya adui hawa wawili, alimwogopa zaidi yule wa Januari. Nyumba zetu za matofali zimejengwa kushika joto na kulitunza. Dirisha ni dogo, ukuta wa pembeni unakaribia kugusana na wa jirani, na paa ni jeusi. Mwezi wa Januari tunaishukuru nyumba kama hiyo. Mwezi wa Julai inakuwa tanuri.

Mombasa ya bibi ilijengwa kinyume chake. Kuta ni nene za mawe ya matumbawe na chokaa, dari ziko juu, na vichochoro ni vyembamba ili jua lisifike chini isipokuwa adhuhuri. Nje ya nyumba kuna baraza ya kukalia. Mwezi wa Machi, ambao ni wa joto kali pale, mchana hufika kama nyuzi 33 za Selsiasi, na upepo wa bahari haukosekani kwa muda mrefu. Kwa hiyo bibi aliponiambia kwamba amekulia kwenye joto alisema kweli, lakini joto alilokulia halijawahi kufika nyuzi 41 mchana na kukataa kushuka usiku, tena ndani ya chumba kisicho na pa kupitisha upepo. Hilo ni joto jingine kabisa.

Je, watu wa Chicago waliishije kabla ya viyoyozi? Walitoka nje. Katika viangazi vikali vya miaka ya 1930, familia nzima zilibeba mito na mashuka zikalala kwenye bustani za mji na ufukweni mwa ziwa. Waliobaki nyumbani walilala kwenye vibaraza vya mbao vya nyuma ya nyumba. Sisemi kwamba zama zile zilikuwa njema, kwa maana joto la mwaka 1936 liliua maelfu ya watu Marekani. Lakini mtu aliyezimia bustanini aliangukia mbele ya macho ya watu.

Kilichobadilika baadaye ni mambo mawili. Kiyoyozi, kilichobuniwa na Willis Carrier mwaka 1902 kwa ajili ya kiwanda cha kuchapa huko Brooklyn, kiliingia majumba ya sinema, kisha ofisini, kisha majumbani mwa wenye uwezo. Na hofu ya uhalifu iliwafanya watu wengi wasithubutu tena kulala nje, wala kuacha dirisha wazi. Mwenye kiyoyozi alifunga mlango akapoa. Asiye nacho alifunga mlango vilevile, kwa hofu, akabaki na joto lake.

Waliokufa walikuwa nani

Mara tu joto lilipopungua, kikosi cha wataalamu wa afya wa serikali kuu kilikuja Chicago. Walilinganisha mamia ya waliokufa na majirani zao wa rika moja walionusurika. Utafiti huo, ulioongozwa na Jan Semenza, ulichapishwa mwaka 1996, na matokeo yake yanasomeka kama maelezo ya nyumba ya bibi yangu. Waliokuwa hatarini zaidi ni waliokuwa wagonjwa kitandani, walioishi peke yao, wasiotoka nyumbani kila siku, na walioishi ghorofa ya juu. Kilichookoa watu kuliko vyote ni kiyoyozi kinachofanya kazi, hata kikiwa ukumbini chini ya jengo na si chumbani. Panka hazikuonyesha kinga. Na walionusurika, mara nyingi, walikuwa na usafiri wa kuwatoa, au marafiki, au kikundi fulani walichokutana nacho.

Karibu robo tatu ya waliokufa walikuwa wamepita miaka 65. Wengi walikutwa katika vyumba vya kupanga vya hoteli za bei nafuu, chumba kimoja kimoja, ambako jirani hajui jina la jirani.

Kuna jambo moja lililonishangaza. Miongoni mwa wazee wa Chicago, wanawake wanaoishi peke yao walikuwa wengi kuliko wanaume. Ungetarajia wao ndio wafe zaidi. Lakini ukilinganisha watu wa umri mmoja, wanaume walikuwa na uwezekano wa kufa zaidi ya mara mbili ya wanawake. Eric Klinenberg, mtaalamu wa elimu ya jamii aliyekulia Chicago na kuandika kitabu kuhusu maafa haya mwaka 2002, anaeleza kwamba wanaume wengi wa rika lile wakishaacha kazi, wakiachwa au wakitengana na watoto wao, hawana mtu wa kumpigia simu. Mwanamke huweza kuishi peke yake na bado akawa na watu. Nilimfikiria mara moja mzee mmoja wa jumuiya yetu, mjane, ambaye huonekana Idi kwa Idi tu.

Mitaa miwili

Klinenberg alitazama pia ramani ya vifo, na akasimama kwenye mitaa miwili ya magharibi mwa mji inayopakana: North Lawndale na South Lawndale, ambayo watu huiita Little Village. Yote miwili ilikuwa na wazee maskini wengi na wanaoishi peke yao wengi. Hali ya hewa ilikuwa moja, kwani ni barabara tu inayoitenganisha. Lakini North Lawndale walikufa watu 40 kwa kila wakazi 100,000, na Little Village 4. Mara kumi.

North Lawndale ulikuwa umepoteza watu kwa miaka 30. Mwaka 1960 ulikuwa na wakazi kama 125,000. Weupe walihama, Weusi waliohamia walibaguliwa na mabenki na kuuziwa nyumba kwa mikataba ya kinyonyaji. Martin Luther King alikuja kuishi humo mwaka 1966 ili kuonyesha dunia hali ya nyumba zile. Baada ya kuuawa kwake mwaka 1968 maduka mengi yaliungua, na viwanda vikubwa vilivyoajiri watu wa mtaa vikafungwa kimoja baada ya kingine. Ilipofika mwaka 1990 wakazi hawakufika 50,000. Palibaki viwanja vitupu, mataa yasiyowaka na biashara ya dawa za kulevya pembeni mwa barabara. Mzee wa pale hakuwa na duka la karibu la kuendea, na kutembea kulimtisha. Alibaki ndani.

Little Village ulikuwa umejaa watu. Wahamiaji kutoka Mexico walikuwa wamefungua maduka mfululizo katika barabara ya 26, makanisa yalikuwa wazi, na njia zilikuwa na watu mchana na jioni. Mzee wa pale, hata asiye na jamaa, alishuka chini akaingia dukani penye ubaridi na kukutana na watu. Mji mzima, Walatino walikuwa karibu robo ya wakazi, lakini walikuwa kama asilimia 2 tu ya waliokufa.

Msomaji anaweza kudhani kwamba hii ni hadithi ya kabila moja linalopendana na jingine lisilopendana. Sivyo. Auburn Gresham, upande wa kusini, ni mtaa wa Wamarekani Weusi, tena una wazee wengi, lakini vifo vyake vilikuwa vichache kuliko hata vya mitaa mingi ya matajiri. Tofauti yake na North Lawndale ni kwamba haukuwa umehamwa. Maduka yalibaki, vikundi vya mitaa vilibaki, na majirani walijuana.

Haki inataka niseme kwamba hoja hii imepingwa. Mwaka 2006 mtaalamu mwingine, Mitchell Duneier, aliandika kwamba huwezi kujua kwa nini mtu fulani alikufa kwa kutazama sura ya mtaa wake tu; lazima uende nyumba kwa nyumba uulize habari zake. Nakubaliana naye kwamba mtu si mtaa. Lakini utafiti wa Semenza, ambao ulikwenda nyumba kwa nyumba, nao ulikuta kwamba anayetoka nje na anayejuana na watu alinusurika zaidi.

Kuna kipande cha historia ambacho sikuweza kukiacha. Mwaka 1917 lilifunguliwa North Lawndale jumba la sinema liitwalo Central Park Theatre, mojawapo ya majumba ya kwanza kabisa nchini kupozwa kwa mashine. Watu walilipa senti chache wakakaa saa nyingi ndani ya ubaridi wakati wa kiangazi. Mtaa uliowahi kuonja ubaridi wa mashine kabla ya karibu dunia nzima ndio uliozika watu wengi kwa joto miaka 78 baadaye.

Ubishi wa hesabu

Wakati maiti zinaingia, serikali ya mji ilikuwa inabishana juu ya idadi. Edmund Donoghue, daktari mkuu wa uchunguzi wa maiti wa kaunti, alitangaza mamia ya vifo vilivyotokana na joto. Meya Richard M. Daley alitilia shaka hadharani, akasema haiwezekani kila anayekufa kiangazi ahesabiwe amekufa kwa joto. Ofisa mmoja wa mji alifika mahali pa kusema waliokufa ni watu wasiojijali. Mpango wa dharura ya joto ulikuwepo kwenye makaratasi, lakini haukutangazwa mpaka Jumamosi tarehe 15, siku mbili baada ya kilele.

Donoghue hakurudi nyuma. Vigezo vyake vilikuwa wazi: joto la mwili la nyuzi 105 za Farenhaiti au zaidi wakati wa kufa, au kukutwa ndani ya chumba chenye joto kali, au kukutwa ameshaharibika hali alionekana hai mara ya mwisho siku zile za joto. Wataalamu wa serikali kuu walikuja wakakagua, wakasema yuko sahihi. Tena, hesabu ya baadaye ya vifo vyote vya wiki ile, ile ya 739, ilionyesha kwamba hakuwa amezidisha, alikuwa amepunguza. Leo madaktari wa uchunguzi wa maiti nchini hufuata vigezo kama vyake.

Kwa nini hesabu ni muhimu? Kwa sababu moto unaonekana na mafuriko yanaonekana, lakini joto halivunji nyumba. Asipotokea mtu wa kuhesabu, kitu hakijatokea.

Mwezi Agosti 1995, waliokufa kwa joto ambao hakuna aliyekuja kuwachukua, watu 41, walizikwa pamoja na maiti nyingine zisizo na wenyewe katika kaburi moja refu kama handaki, huko Homewood kusini mwa mji. Kwetu, hata maskini wa mwisho hukosi watu wa kubeba jeneza. Nilipofika hapo katika kusoma kwangu nilifunga kompyuta kwa muda.

Mji uliojifunza, na uliosahau

Mwaka 1999 joto kali lilirudi. Safari hii mji ulitangaza dharura mapema, ukafungua vituo 31 vya watu kupumzikia penye ubaridi (mwaka 1995 vilikuwa vitano), mabasi ya kwenda huko yakawa bure, na polisi na watumishi wa mji wakatumwa kugonga milango ya wazee. Watu 110 walikufa. Ni wengi, lakini si mamia saba. Sehemu kubwa ya mpango huo haikuwa teknolojia mpya. Ilikuwa mtu kusimama mlangoni na kubisha hodi.

Halafu ikaja Mei 2022, na hapa ndipo kugeukageuka kwa hali ya hewa kulipoua. Joto lilipanda ghafla kabla ya msimu wake. Katika jengo moja la wazee, upande huohuo wa kaskazini anakoishi bibi yangu, mashine za kupasha joto bado zilikuwa zinafanya kazi na za kupoza hazijawashwa. Wapangaji walilalamika. Wanawake watatu walikutwa wamekufa. Mwezi uliofuata baraza la mji lilipitisha sheria ya kutaka majengo ya namna hiyo yawe na sehemu zenye ubaridi. Miaka 27 ilikuwa imepita tangu 1995, na utafiti ulikuwa umeshasema zamani kwamba hata ukumbi mmoja wenye kiyoyozi huokoa watu.

Sisi nasi

Tunapenda kusema katika mikutano ya chama chetu kwamba sisi Waswahili hatuishi peke yetu. Nimeanza kuwa na shaka na maneno hayo. Wazazi wetu hufanya kazi usiku, sisi tuko mabwenini, na wazee tuliowaleta kutoka Mombasa, Tanga, Bukavu au Bujumbura wanakaa ghorofani na runinga isiyosema lugha yao. Tahadhari huja kwenye simu kwa Kiingereza. Kiyoyozi kipo, lakini mtu aliyehesabu senti maisha yake yote hawezi kulala nacho kinanguruma. Mzee wa namna hiyo yumo katika kila mstari wa orodha ya Semenza.

Nilimuuliza bibi mtu mzima Mombasa alikuwa anatunzwaje siku za joto. Alisema hakuna aliyetunzwa, watu walikaa barazani tu. Jioni wanaume hapa, wanawake kule, kahawa inapita, na masengenyo mengi, hilo hakulificha. "Lakini Bi Fulani asipotokea mpaka alasiri, mtu huinuka akamtazame. Pengine kwa umbea. Lakini humtazama."

Kwa hiyo haya ndiyo niliyoyachota katika historia hii, na nimeanza kuyafanya. Nina orodha ya wazee watano tunaowajua, na siku za joto nawapigia asubuhi na jioni. Kwenda kuwaona nafanya siku ya pili na ya tatu, kwa sababu nimeona Jumamosi ile ilivyokuwa. Nikifika nawasikiliza wanavyozungumza, maana kuchanganyikiwa maneno huenda kukawa ni mwili unaozidiwa, na hapo ni kupiga 911 bila kungoja. Panka siiamini peke yake chumba kikishakuwa moto. Maji ya kuoga na leso iliyoloweshwa ni bora, na bora zaidi ni kumtoa mtu akakae saa chache maktaba, msikitini, kanisani au kwetu. Kama niko mbali, Chicago unaweza kupiga 311 ukaomba mtu apelekwe kumtazama mzee.

Bibi amekubali kuwasha kiyoyozi, kwa sharti kwamba bili tugawane. Sharti lake la pili ni kwamba nisije mikono mitupu, na nisimpigie simu nikiwa chini ya jengo kumwambia nimefika. Nipande ngazi, nibishe hodi, ningoje aniambie karibu.